Mke Wangu Anataka Dishi, Bakoki Wangu Anashikilia Waya

Mpendwa Shangazi Nakhungu,

Naomba msaada wako, na naomba haraka, kwa sababu nyumba yangu imegawanyika juu ya kitu ambacho hata hakionekani kwa macho, nacho ni intaneti. Usicheke. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na tano, mzaliwa wa Naitiri lakini nimeishi hapa Kibomet, Kitale, miaka ishirini na sita, nina duka la mbegu na dawa za mifugo, ni mzee wa kanisa, na sijawahi kuandikia gazeti mambo ya nyumbani kwangu. Msomaji wa ukurasa huu ni mke wangu, gazeti likifika Jumamosi asubuhi huanza na wewe kabla hata ya kuangalia habari kubwa, mimi hulipata jioni likiwa na madoa ya chai, na bado nimeona heri nikuandikie wewe kuliko kumwambia mtu wa hapa ambaye kesho atakuwa amenitangaza sokoni.

Mke wangu, Viola, ni mwalimu wa shule ya msingi, tumeoana miaka ishirini na minne, binti yetu Ivy ameshamaliza masomo na anafanya kazi Eldoret, na Viola alipoona nyumba imebaki kimya akaamua kusomea shahada katika chuo cha Kibabii, nami nilikubali bila shida, nilimpeleka mwenyewe siku ya kujiandikisha na tukapigwa picha langoni. Masomo mengi ni ya kompyuta, jioni baada ya kazi, ndiyo sababu tukaweka intaneti nyumbani, miaka mitatu sasa, ile ya kampuni ya waya unaopita kwenye nguzo, na aliyetuunganishia ni Wakoli, wakala wao hapa mtaani.

Wakoli ni bakoki wangu. Wewe ni mtu wa Bungoma, Shangazi, hili sina haja ya kukufundisha, lakini kwa wasomaji wengine niseme kwamba tulipakwa tope la tohara siku moja, Agosti 1984, tukasimama mbele ya kisu asubuhi moja, na mwanaume uliyesimama naye hapo ni zaidi ya ndugu, akija kwako hangoji kukaribishwa, anaketi, akifunua sufuria humuulizi anatafuta nini, binti yako akiolewa ana fungu lake, na kumshuku yeye ni kama kujishuku mwenyewe. Ploti yake imepakana na yangu kwa nyuma, amejenga vyumba kumi na viwili vya kupangisha, na Mungu amembariki, kwa sababu vyumba vya wengine hapa hukaa miezi bila mtu lakini vyake havikosi wapangaji, ametundika bango pale barabarani, "Maji, Stima, Waifai Bure", na watu wanakuja wenyewe.

Siku ya kuweka rauta Viola alitaka ikae sebuleni, lakini Wakoli akasema hapana, hapo haitapata hewa, akaitundika kwenye korido ya nyuma karibu na dirisha la bafu, na upande wake akaweka ukutani kisanduku kidogo chenye antena mbili kinachotazamana na dirisha hilo, akasema kinasaidia nguvu. Paswadi akaiweka yeye, akaniambia, "Bakoki, usiguse hii kitu. Ukigusa, mitambo inachanganyikiwa, na mimi kupanda nguzo tena magoti imekataa." Mwezi wa tano Viola aliibadilisha bila kuniuliza, na kesho yake jioni, kabla hata ugali haujaiva, Wakoli alikuwa mlangoni anatweta, "Kuna kitu haiko sawa huku kwako, bakoki, nimeona kwa mitambo," akairudisha ile ya zamani kwa dakika mbili. Nikamwambia Viola, unaona huyo, ni wakala gani mwingine anaweza kukimbia hivyo kwa ajili ya mteja mmoja?

Sasa intaneti hiyo mchana haina shida, lakini ikifika saa moja jioni mpaka saa nne inakufa kabisa, na hapo ndipo Viola ana darasa. "Baba Ivy, si unaona? Kila siku saa moja. Inazunguka tu, inazunguka tu. Mwalimu ananiuliza swali, mimi nimeganda na mdomo wazi kama samaki." Disemba watu wakienda makwao kwa sikukuu huwa inakimbia vizuri ajabu, nasi hushukuru Mungu. Nilimuuliza Wakoli akasema ni baridi ya mlima, jioni waya unajikunja, nami nilimwamini, kwa sababu jioni hapa kweli kuna baridi.

Mwezi wa saba ndipo Kinyua akaingia katika maisha yetu. Huyu ni kijana wa miaka thelathini na kitu, familia yao ni ya wakulima waliotoka Nyeri zamani wakanunua shamba huku, anauza simu karibu na soko na ni wakala wa ile kampuni nyingine, ya dishi linalofungwa juu ya paa. Viola alimpata kupitia kwa mwalimu mwenzake, Nyambu, ambaye ana dishi hilo na analisifu mpaka unachoka. Siku moja nilirudi nyumbani mchana kuchukua funguo za stoo, nikakuta ngazi imeegemezwa ukutani, viatu vya mwanaume vimepangwa vizuri chini yake, nikatazama juu nikaona mtu amesimama kwenye mabati yangu na soksi.

"Wewe! Unatafuta nini juu ya nyumba ya mtu?"

"Natafuta anga, mzee."

"Anga? Si iko kila mahali?"

"Kuna ile imezibwa na miti na kuna ile iko wazi, mzee. Hapa kwako iko sawa kabisa."

Viola akatoka jikoni na chai, akasema, "Baba Ivy, huyu ndiye Kinyua," kana kwamba ni mtu niliyepaswa kumjua, na nikaona chai yenyewe iko kwenye kile kikombe cha maua ambacho hutolewa mchungaji akitutembelea. Niambie Shangazi, fundi anapewa kikombe cha mchungaji kwa sababu gani?

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiweka alama nyuma ya kalenda. Kinyua alipiga simu mara nne kwa wiki moja, na humwita "Mwalimu" kwa sauti ya upole. Kisha Viola akaanza kutoka saa kumi na mbili na nusu jioni na kompyuta yake kwenye kikapu, ati anakwenda kusomea dukani kwa Kinyua kwa sababu huko dishi lipo na halikatiki. Jumatano moja nikamfuata. Nilisimama karibu na mama anayechoma mahindi, nikanunua mahindi mawili na sikuwa na njaa, nikaangalia kupitia kioo. Viola ameketi kwenye meza ya pembeni na wanawake wengine wawili, kila mmoja na kompyuta yake, vipokea sauti masikioni, Kinyua yuko kaunta anafungua simu ya mtu, hata hamwangalii. Lakini Viola alicheka. Nilimwona kwa macho yangu akicheka, na nimejiuliza tangu siku hiyo, ni darasa gani lina kicheko?

Sasa nifike kwa lile lililonifanya nikuandikie. Jumamosi tarehe moja, saa nne asubuhi, nilimwachia Chepkosgei duka, ndiye anayenisaidia kuuza, nikarudi nyumbani ghafla, bila hodi. Mlango wa sebule ulikuwa umefungwa na ndani nikasikia sauti ya mwanaume, nzito, taratibu, "Viola, tunakusikia vizuri, endelea, usiogope," na mke wangu akacheka kidogo. Shangazi, sikufikiri, nilikwenda moja kwa moja kwenye korido nikachomoa plagi ya rauta.

Mlango ukafunguka akatoka mbio, juu amevaa koti la kanisani na chini amejifunga leso, "Imeenda! Baba Ivy, imeenda! Niko mbele ya wahadhiri!" Nami nimesimama pale, plagi iko nyuma ya mgongo wangu, nikasema, "Ni stima imeruka." Akakimbia nje kuangalia swichi kubwa, na alipotoka nikairudisha, lakini rauta huchukua dakika zake kuwaka, na ilipowaka wahadhiri walikuwa wameshamwita mwanafunzi mwingine. Ile ilikuwa siku yake ya kutetea utafiti wake wa mwisho, mambo ya jinsi ya kufundisha watoto wazito wa kusoma, alikuwa ameuandika miezi minane. Aliniambia tarehe hiyo, nakumbuka aliniambia, mimi nilidhani ni njia ya kuniweka dukani. Aliketi kwenye kiti cha plastiki jikoni na koti lake akalia bila sauti, nami nikamwekea mkono begani, Shangazi, mkono ule ule.

Wahadhiri wamemwonea huruma wakampa nafasi moja ya mwisho, Jumamosi tarehe ishirini na mbili mwezi huu, akikatika tena atangoja mwaka mzima. Amesema kabla ya siku hiyo dishi la Kinyua liwe juu ya paa na waya wa Wakoli utoke, la sivyo atajua mimi sitaki asome. Wakoli naye amesikia, alikuja jana akaketi mpaka uji ukapoa. "Bakoki, naapa kwa ile tope, hiyo Jumamosi waya yangu ilikuwa sawa sawa. Na dishi ikinyeshewa inarara, hujui? Watu watasema nini, bakoki yangu amenikimbia kwa ajiri ya kijana wa simu?" Nami nilinyamaza, kwa sababu ni kweli waya siku hiyo haukuwa na kosa, na mtu anayejua hivyo ni mimi peke yangu.

Sasa nifanye nini? Nikihama, nimemfungulia Kinyua mlango wa nyumba yangu na nimemwaibisha bakoki kwa kosa asilolifanya. Nikikataa, Viola atakata tamaa. Na kama kuna njia ya kujua kama kati yake na huyo kijana kuna jambo, naomba uniambie. Nambari yangu ya simu iko hapo chini, usiichapishe.

Mwenye Mashaka,
Kibomet.

* * *

Ndugu Mwenye Mashaka,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nilitaka kuja Kibomet na mwiko wa ugali, na mara ya tatu ndipo nikashika kalamu. Majina nimeyabadilisha yote.

Tuanze na la Kinyua ili tulimalize, maana limekuchosha bure. Ulikwenda kumvizia mkeo, ukala mahindi ya kujificha, ukakuta nini? Wanawake watatu wanasoma na mwanaume anatengeneza simu. Ushahidi wenyewe umejileta ukauona kwa macho yako, bado ukarudi nyumbani na kicheko. Baba, watu hucheka darasani. Mimi nilicheka sana darasani, na mume wangu hakuwahi kuchomoa kitu. Na hicho kikombe cha maua, je, umefikiri kwamba mwanamke aliyeganda mdomo wazi mbele ya wenzake miaka mitatu, akimpata mtu anayekubali kuvua viatu na kupanda paa lake kumtafutia anga, atampa chai kwenye kikombe gani? Cha plastiki?

Kinyua mshuku, lakini mshuku kama mfanyabiashara. Muulize dishi likinyeshewa mvua ya Kitale huwaje, na usiridhike na jibu lake, nenda kwa Mwalimu Nyambu wakati mvua inanyesha ujionee. Muulize mkataba unakufunga miezi mingapi, na likiharibika anakuja nani na baada ya siku ngapi. Usikubali kuutoa waya kabla dishi halijapita mwezi mmoja na mvua kadhaa. Hayo ndiyo mashaka ya mtu mzima.

Sasa tuje kwa bakoki. Wewe umesema hakuna haja ya kunifundisha, na ni kweli, kaka zangu wanne wote walipakwa tope na mimi ndiye niliyewapikia wageni wao. Kwa hiyo nivumilie nikusomee barua yako mwenyewe. Mwanaume ana vyumba kumi na viwili nyuma ya nyumba yako na bango linalotangaza waifai bure. Rauta yako ameitundika dirishani upande wake, kisha akaweka antena kwake inayoitazama. Inasaidia nguvu, sawa, lakini nguvu za nani? Paswadi anaijua yeye na amekukataza kuigusa. Mtandao unakufa saa ile wapangaji wanatoka kazini, na unafufuka Disemba wakienda makwao. Mkeo alipobadilisha paswadi, Wakoli alifika anatweta kabla ugali haujaiva, na wewe ukaona huo ni upendo. Baridi ya mlima! Mimi nimezaliwa chini ya mlima huo na sijawahi kusikia baridi inayoanza saa moja na kwisha saa nne, halafu inakwenda likizo.

Siapi. Inawezekana nimemkosea Wakoli, ndiyo sababu nakupa jaribio na sikupi hukumu. Siku yoyote ya wiki ijayo, saa kumi na mbili jioni, badilisha paswadi, wewe na Viola mkiwa pamoja, usimwambie mtu. Kisha toeni viti nje upande wa nyuma, muwe na chai yenu, mketi. Ikifika saa moja na robo utaona milango ya vyumba inafunguka na watu wanainua simu juu, na bakoki wako atavuka ua akikimbia kwa magoti yale yale yaliyokataa nguzo. Asipokuja mtu, niandikie, nitaomba msamaha kwenye ukurasa huu huu.

Akija, usipige kelele. Mkaribishe, mpe chai, kisha mwambie. Wewe unadhani ubakoki unakufunga mdomo, kumbe ndio unaoufungua, kwa sababu jirani wa kawaida ukimwambia "umeniibia" mtafika kwa chifu, lakini bakoki unamwambia usoni na kesho anakula kwako tena. Fungu lake Ivy akiolewa lipo na atapewa. Fungu la waifai halikutajwa siku ile mlipopakwa tope. Na lile alilosema kweli, kwamba Jumamosi ile waya haukuwa na kosa, umwambie naye ni nani aliyekuwa na kosa, maana mwenzako amekuja kwako kuapa na wewe ukanyamaza umeangalia uji.

Hapo ndipo tunafika kwako, na hapa nitakuwa mkali.

Ulikuwa na mashaka mikononi, ukatafuta wa kumwekea. Kulikuwa na mwanaume mmoja mliyesimama naye asubuhi moja miaka arobaini iliyopita, na mwanamke aliyesimama nawe kila asubuhi miaka ishirini na minne. Yule wa kwanza akikwambia waya unajikunja kwa baridi, unaamini. Huyu wa pili akikwambia tarehe moja nina wahadhiri, unarudi nyumbani bila hodi. Miezi minane mwanamke huyo aliandika kuhusu watoto wazito wa kusoma, na wewe ukaizima kwa sekunde moja, ukasema ni stima, ukamwacha akimbie nje na leso kutafuta swichi ambayo haina kosa. Halafu ukamwekea mkono begani. Nimekuwa nikijibu barua hizi miaka kumi na minne na hiyo sentensi ya mkono imenisumbua siku mbili.

Kwa hiyo swali la dishi au waya bado halijafika zamu yake. Kwanza mwambie Viola ni nani aliyechomoa. Usitangulize kilo mbili za nyama, hapana kitenge, hapana "unajua mama Ivy shetani ni mbaya". Mwambie ulisikia sauti ya mwanaume, ukaogopa, ukachomoa, ukadanganya. Atakasirika. Huenda akaenda kwa Ivy siku kadhaa, huenda akanyamaza, na kunyamaza kwa mwalimu ni kubaya zaidi. Vumilia. Ukimnunulia dishi kabla ya kumwambia, basi kila akifungua kompyuta yake atakuwa anakushukuru kwa uongo, na wewe utaishi chini ya paa hilo.

Kuhusu tarehe ishirini na mbili, msibahatishe na waya wala dishi. Kibabii si mwezini. Aulize chuoni kama anaweza kutetea utafiti wake akiwa pale pale mbele ya wahadhiri, na wakikubali, funga duka Ijumaa, mshike njia mkalale kwa ndugu zenu Bungoma, asubuhi umfikishe kwenye lango lile mlilopigwa picha. Akiingia ndani, wewe tafuta benchi, keti, weka mikono mapajani, usiguse swichi yoyote. Ukisikia kicheko, mshukuru Mungu. Wakikataa, basi aende dukani kwa Kinyua, na wewe ndiwe utakayembebea kikapu mpaka mlangoni.

Baada ya hapo hameni au msihame, lakini achague yeye, maana ndiye anayeketi mbele ya kompyuta hiyo kila jioni. Mkataba uandikwe kwa jina lake, rauta ikae sebuleni alipotaka tangu mwanzo, na paswadi aweke yeye. Asipokwambia ni nini, usiulize.

La mwisho. Uliniandikia mwenyewe, bila kulazimishwa, kwamba mkeo huanza na ukurasa huu kabla yako. Nimeliwaza sana jambo hilo. Kuna magazeti mengine, kuna redio ngapi zenye washauri, na wewe ukachagua mahali pale ambapo yeye lazima asome. Nadhani ulitaka nimwambie mimi. Sikubali kuwa mdomo wako. Ndiyo sababu Jumatatu nilikutumia ujumbe kwenye ile nambari, nikakujulisha kwamba barua yako inatoka leo Jumamosi, na ukanijibu neno moja tu, "Sawa". Siku tano zimekutosha kumwambia mwenyewe. Kama umemwambia, basi anayasoma haya na wewe uko karibu naye, na mengine mtayamaliza wenyewe. Kama hukumwambia, uko dukani sasa hivi, gazeti limeshafika nyumbani, na majina niliyobadilisha hayatamzuia mwanamke kulitambua koti lake mwenyewe. Mwachie Chepkosgei funguo, nenda. Na safari hii, piga hodi.

Shangazi Nakhungu,
Bungoma.